Vibanzi Vilivyopita Nakawa

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa kulinganisha takataka. Watu wakiniuliza nilijibu kwamba mimi ni karani katika chama cha wauza mbao, na hilo lilikuwa kweli, ila mbao zenyewe zilikuwa na karani wao, kijana mwenye shahada na kompyuta. Mimi nilipewa yale yanayobaki baada ya mbao: vibanzi, yaani vile vipande vidogo vinavyokatwa na mashine, pamoja na maranda, unga wa msumeno na magome. Vitu hivyo navyo huvuka mipaka. Viwanda vya chai huvichoma kukaushia majani, wafugaji huvitandika kwenye mabanda ya kuku, na wengine huvisaga na kuvishindilia vikawa makaa.

Kila baada ya miezi mitatu niliandika ukurasa mmoja wenye safu mbili. Safu ya kwanza ilikuwa ya masalia ya mbao yaliyoingia Uganda kutoka nje. Ya pili ilikuwa ya yale yaliyoingia kwa majirani zetu wote kwa pamoja, kanda nzima bila sisi. Chini yake nilichora milingoti miwili kwa penseli za rangi, wa kijani kwa nchi yetu na wa kahawia kwa kanda, ili wanachama wasiopenda tarakimu waone kwa macho. Siku zote mlingoti wa kijani ulikuwa mfupi. Sisi tuna misitu yetu na mashine zetu za kupasulia magogo. Hatukuwa na sababu ya kuagiza takataka za wengine.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili Nakawa, Kampala, ghorofani, nyuma ya soko. Dirisha langu lilitazama yadi ambamo magari makubwa yalishusha mizigo. Nilikuwa nimeshapita umri wa kustaafu, na kila mwaka bosi aliniongezea mwaka mmoja. Niliishia kidato cha nne. Yule kijana wa kompyuta hakuwahi kunidharau, nasema haki yake, lakini mimi nilijidharau kwa niaba yake. Nilitia wino kila ukurasa kana kwamba unapelekwa kwa mfalme, na nikawa najivunia jambo moja tu: kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniambia, mzee, hapa umekosea.

Nilikuwa na marafiki wawili. Tulizaliwa kambini, sisi watatu, baba zetu wakiwa wamevaa sare. Wangu alikuwa polisi kutoka kaskazini. Wa pili alikuwa dereva wa jeshi, Mnubi, ambaye mababu zake waliletwa na Waingereza kutoka Sudani. Wa tatu alikuwa askari jela. Kiswahili ndicho tulichochezea mpira, tukagombana kwacho, tukakitumia kuficha siri zetu mbele ya watoto wa nje ya kambi. Tulipozeeka watu walimwita yule mtoto wa dereva Mnubi Hajji, kwa kuwa alikwenda kweli Maka, na yule mtoto wa askari jela wakamwita Fundi, kwa kuwa alikuwa seremala. Mimi waliniita Karani. Hata wake zetu walituita hivyo.

Hajji na Fundi walifanya kazi mtaa wa Kyebando, umbali wa kurusha sauti baina yao. Hajji alikuwa na mashine ya kushindilia makaa ya maranda, ukingoni mwa bwawa la mafunjo, na wanawake sita waliomfanyia kazi. Fundi alikuwa mkubwa wa maseremala wa njia ile, karakana nane zilizopangana. Baina yao palikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote. Katika kila karakana ulipigiliwa msumari mmoja mkubwa, na juu yake lilining'inia gunia tupu. Hilo lilikuwa gunia la Hajji. Maranda yote yaliingia humo, na hakuna mfugaji wa kuku wala mpita njia aliyeruhusiwa kuyagusa hata kwa pesa. Ijumaa, kabla ya swala, Hajji alipita kuyachukua, akamlipa kila mmoja kidogo na kumwachia makaa ya kuchemshia gundi na chai. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka mingi, wala sikumbuki kusikia wakigombana kuhusu gunia hata siku moja.

Kisha ukaja ule mlingoti wa kijani.

Ilikuwa miaka michache kabla ya ugonjwa uliotufungia sote majumbani. Nilipokusanya karatasi za miezi mitatu, niliona magari ya vibanzi kutoka Kenya yameongezeka sana. Kila gari lilikuwa na karatasi ya yadi ya Nakawa iliyopigwa muhuri: IMEFIKA. Nikajumlisha, nikarudia, jibu likawa lile lile. Nilipochora, kwa mara ya kwanza mlingoti wa kijani ulipita wa kahawia. Nchi moja ilikuwa imeingiza vibanzi vingi kuliko majirani wote kwa pamoja. Mwenye akili timamu angejiuliza ni nani nchini anayevitumia vyote hivyo. Mimi niliichonga tena ncha ya penseli ya kijani, nikaukoleza mlingoti rangi.

Bosi alifurahi sana. Alitaka kuwaonyesha wanachama kwamba soko letu limekua. Aliinua ule ukurasa mbele ya watu, akasema, "Hii imechorwa kwa mkono. Kompyuta itafanya hivi?" Watu wakacheka na kupiga makofi, na yule kijana akapiga pia. Nilikwenda nyumbani siku ile nikitembea kama mtu aliyeoa.

Jumapili nikamweleza Hajji tukinywa chai kwake.

"Unahangaika na magunia ya nini?" nilimwambia. "Vibanzi vinaingia nchini kuliko kanda nzima. Si muda utavipata Nakawa kwa gari zima, vikavu, safi, bila misumari."

"Kweli hiyo maneno?"

"Nimechora mwenyewe."

"Wewe Karani ukichora, mimi nani nibishe," akasema. Alicheka, lakini niliona amelishika lile jambo. Maranda ya Kyebando yalikuwa yakimharibia mashine, yamejaa misumari na vipande vya gundi kavu. Wiki ile ile, bila kungoja kuona gari hata moja, alipita karakana zote nane akawaambia hatakuja tena. Fundi alilishusha gunia kwenye msumari, akalikung'uta, akalikunja mara nne kama shuka, akampa kwa mikono miwili, namna tunavyompa mgeni kitu. Hajji alinisimulia hilo baadaye, akidhani Fundi anamheshimu. Fundi alikuwa ameumia. Kufikia mwisho wa mwezi wafugaji wa kuku walikuwa wameyachukua maranda yote, na maseremala wamewapa neno lao.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nitalisema kwa utaratibu, kwa sababu kwa muda mrefu nimelisema kwa kulizungusha.

Pale yadini alikuwapo mama mmoja wa mizani, mwenyeji wa Busia, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Siku moja nilishuka kuchukua karatasi, akanitazama nikizipanga.

"Mzee, hizo za vibanzi unazipeleka wapi?"

"Kwenye hesabu. Zilizoingia nchini."

Akaanza kucheka, akashika kiuno. "Banange! Kumbe wewe unahesabu wageni kama wenyeji? Hayo magari hayakai hapa. Matela ya Kenya yanaishia yadini, tunamwaga, tunapakia kwenye magari mengine, yanakwenda Rwanda kwenye chai. Mimi napiga muhuri wa kufika ili dereva apate kurudi kwao. Ukitaka za kuondoka ziko kwenye lile boksi, hakuna aliyewahi kuziomba."

Akanionyesha boksi. Zilikuwamo zote, gari kwa gari. Nilizisoma nimesimama, na jua lilikuwa kali. Vibanzi vile vilikaa Nakawa siku moja au mbili tu, vikaenda zao. Mimi nilivihesabu vyetu, na hesabu ya huko vilikokwenda haikuwa imenifikia bado, kwa hiyo havikuwamo kwenye mlingoti wa kahawia. Ukivitoa, mlingoti wa kijani ulirudi kuwa kijiti.

Nilipanda ghorofani. Bosi alikuwa akizungumza na mgeni, na ule ukurasa wangu ulikuwa umebandikwa ukutani nyuma yake. Nikakaa. Nikatoa ufutio. Nikaurudisha.

Nimewahi kujitetea kwamba niliogopa kunyimwa mwaka wa kuongezewa. Si kweli. Watoto wangu walikuwa wakubwa na nisingelala njaa. Niliogopa uso wa yule kijana wa kompyuta, na hasa niliogopa kwamba angenionea huruma. Nikajiambia miezi mitatu ijayo nitavitoa kimya kimya, mlingoti utashuka, nitasema soko limeshuka. Na ndivyo nilivyofanya, na ndivyo walivyoamini.

Lakini miezi mitatu ilikuwa mirefu. Hajji alikuwa akienda Nakawa kila siku ya pili kutafuta vibanzi, akirudi mikono mitupu. Mashine yake ilisimama. Wanawake wawili aliwaambia wapumzike, kisha wanne. Akaja kwangu.

"Karani, viko wapi?"

Hapa ndipo ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, na huyu ni mtu tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja. Nikasema, "Labda kuna mtu anavinunua mapema, kabla havijashushwa."

"Mtu gani?"

"Sijui. Mwenye stoo kubwa."

Nililitoa neno hilo ili aniache. Sikuwa na mtu yeyote akilini. Hajji yeye alikuwa naye. Mwezi ule ule Fundi alikuwa amejenga stoo nyuma ya karakana, ya mabati mapya, na kuifunga kwa kufuli mbili, wala hakumwambia mtu anaweka nini humo. Ni Fundi aliyekuwa amempa Hajji gunia lake bila neno, na sasa alikataa hata maranda ya siku moja, akisema ameshawaahidi wengine. Hajji akayaunganisha yote. Karatasi ya chama ilisema vibanzi vimeingia. Yeye hakuviona. Basi kuna mtu amevificha, na huyo mtu ana stoo. Tangu siku ya mizani hadi siku aliyomwendea Fundi, nilikuwa na siku kumi na nane za kumzuia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa ambayo Kyebando nzima iko barabarani. Hajji alinipitia nyumbani. "Twende, wewe unajua mambo ya karatasi," aliniambia. Nilidhani tunakwenda kusuluhisha gunia.

Fundi alikuwa akipiga randa. Alipotuona aliweka randa chini, akatabasamu. "Ee, Hajji! Umekuja kumchukua mke uliyemwacha? Gunia lako limeshaolewa na kuku."

Maseremala wengine wakacheka. Hajji hakucheka.

"Fungua stoo."

"Stoo ya nani?"

"Ile. Fungua nione."

"Hajji, ulipooa mke wa pili mimi nilikuomba unifungulie chumba nione?"

"Fungua, Fundi. Vibanzi vyetu umeviweka humo."

"Vibanzi?" Fundi alinitazama mimi, kama mtu anayeuliza kama rafiki yake anaumwa. "Karani, huyu amekunywa nini?"

Watu walikuwa wameanza kusimama. Yapo mambo ambayo msomaji wa kwingine huenda asiyajue. Majirani zetu pale walizungumza Kiganda, na wengi wao walikijua Kiswahili kutoka kwenye vizuizi vya barabarani na kwa askari waliogonga mlango. Kwao kilikuwa lugha ya amri. Sisi watatu tulipokuwa tukitaniana kwa Kiswahili, mama wauza ndizi walishusha sauti bila kujua. Sasa walisikia wazee wawili wakibishana kwa lugha hiyo, sauti zikipanda, na wakajua hili si jambo dogo.

Hajji akanigeukia. Akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Huyu ndiye anayeandika kwenye chama. Karani, sema mbele ya watu. Vibanzi viliingia nchini au havikuingia?"

Nilikuwa nimevaa koti. Nakumbuka niliingiza mkono mfukoni kana kwamba jibu liko humo.

Nikasema, "Karatasi inasema viliingia."

Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Nimeigeuza usoni na mgongoni kwa miaka, na kila mara naiona safi, na ndiyo maana naichukia. Ningesema uongo mtupu, pengine ningekuwa na nafuu.

"Mmesikia?" Hajji akasema. "Basi fungua."

Fundi hakufungua. Sababu yake tuliijua kesho yake. Alikuwa ameanza kutengeneza majeneza. Kazi ya viti na vitanda ilikuwa imeliwa na samani za plastiki, na majeneza ndiyo yaliyolipa. Lakini mtaa ulikuwa umemkataza seremala mmoja kabla yake kuyaanika njiani, kwamba yanaita vifo na kutisha watoto, na Fundi alikuwa ameapa mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba hataweka hata jeneza moja. Akiifungua stoo mbele ya watu wale, angejitangaza mvunja kiapo. Kwa hiyo akasimama mbele ya mlango, mikono imetandazwa, akisema kwa Kiganda na Kiswahili, "Si vibanzi. Nawaapia, si vibanzi." Kadiri alivyoapa ndivyo watu walivyosogea.

Sijui nani alitamka neno mwizi kwanza. Naapa si Hajji. Lakini neno hilo Kampala halihitaji kusemwa mara mbili. Niliona mwanamume akiinama kuokota jiwe, kisha mwingine. Fundi naye aliona. Alikuwa na miaka sitini na mitano. Alikimbia kupitia migomba ya jirani, na aproni yake ya ngozi ikimpiga magotini, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Jiwe moja lilimpata bega. Hajji alikuwa akipiga kelele, "Acheni! Acheni, nataka stoo tu!" lakini alipiga kelele kwa Kiswahili, nao wakafikiri anaamuru.

Mimi sikupiga kelele kwa lugha yoyote.

Mwenyekiti alizivunja kufuli Jumapili. Ndani palikuwa na majeneza manne, mawili ya watoto. Hapakuwa na kibanzi hata kimoja. Ungedhani mambo yangeishia hapo. Watu wakasema amevihamisha usiku. Tena wakasema, kumbe hata kiapo amevunja, basi huyo atashindwa kitu gani? Hakuna aliyemletea Fundi kitanda cha kutengeneza baada ya hapo. Kabla mwezi haujaisha, yeye na mkewe walipakia vyombo kwenye pikapu wakahamia Ggaba, kando ya ziwa.

Nilimtembelea mara moja. Alikuwa amepata kazi ya kutengeneza masanduku ya mbao ya kubebea samaki, na kuziba nyufa za mitumbwi. Alikuwa amekonda lakini mikono ilikuwa ile ile. Alininunulia samaki aina ya ngege wa kukaangwa, tukala tumekaa juu ya masanduku yake, wanawake wakipiga kelele za bei nyuma yetu.

"Hajji hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Mashine ameiuza."

"Masikini. Ilikuwa mashine nzuri." Akatoa mwiba mdomoni. "Karani, ngoja nikuulize, wewe ni mtu wa karatasi. Vile vibanzi vilikwenda wapi? Maana mimi mwenyewe nimekaa nikawaza. Karatasi inasema viliingia. Mimi sikuvichukua. Basi nani alivichukua?"

Aliuliza hivyo bila hila. Aliiamini karatasi yangu. Mtu aliyepigwa jiwe kwa ajili ya karatasi ile alikuwa bado akiiamini, akimtafuta mwizi pamoja nami. Nilikuwa na jibu mdomoni pamoja na samaki. Nikasema, "Dunia ina wajanja, Fundi."

"Ni kweli," akasema. "Ni kweli kabisa."

Nilirudi mjini nikajiapia nitakwenda tena Jumapili ijayo nimwambie. Kisha Jumapili iliyofuata. Kisha likaja lile la kufungiwa majumbani, likawa udhuru mzuri, na baada yake miguu ikaanza kunisumbua, nao ukawa udhuru mzuri zaidi.

Fundi alikufa mwaka huu, mwanzoni mwa mvua. Moyo, walisema. Nilikwenda maziko. Hajji hakwenda. Nilipotoka huko nilipitia kwake na matope ya kaburini bado viatuni. Nilimkuta amekaa barazani na kofia yake nyeupe, redio imezimwa.

"Amezikwa vizuri?" aliuliza.

"Vizuri."

"Mungu amsamehe alichochukua. Mimi nimeshamsamehe."

Nadhani ningenyamaza hata siku ile kama asingesema neno hilo la kusamehe. Nilimwambia yote, mama wa mizani, boksi, ufutio, siku kumi na nane. Nilisema nikiwa nimesimama. Aliposikia neno Rwanda alianza kutikisa kichwa, polepole, na hakuacha hadi nilipomaliza.

"Ulijua," akasema. "Ile Jumamosi. Ulisimama pale na ulijua."

"Nilijua."

"Mimi nimekaa miaka yote hii nikimsamehe mtu bure." Akavua kofia, akaitazama ndani. "Nimemsamehe katika kila swala, Karani. Unajua nilivyokuwa najiona mwema?"

Nilidhani angenifukuza. Badala yake aliingia ndani, akatoka na fimbo yake. "Twende kwa mjane," akasema. "Usitembee mbele yangu wala nyuma yangu. Tembea kando nikuone."

Mjane alitupokea uani Ggaba, kati ya masanduku ambayo hayakumalizwa. Hajji ndiye aliyeanza, kisha akaniachia nimalizie. Yule mama alisikiliza akivunja vijiti vya kuwashia moto, kimoja baada ya kingine. Nilipomaliza hakulia.

"Mume wangu hakuiba," alisema. "Hilo mimi nililijua, nililala naye. Hapa Ggaba hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Sasa mimi mmeniletea za nini? Mlisema kule. Nendeni mkaseme kule."

"Tutakwenda, shemeji," Hajji akasema.

"Tena mchana. Watu wakiwapo."

Tulikwenda Kyebando Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi. Karakana za Fundi hazipo. Pana duka la kuuza simu, pana kinyozi, pana jengo la vyumba vya kupanga lililopakwa rangi ya chungwa. Hajji alisimama katikati ya njia akagonga fimbo chini, akasema kwa Kiganda chake cha kuvunjika kwamba wazee hawa wana neno. Vijana kadhaa wakakusanyika, wakidhani tunauza dawa.

Nilisema. Nilijitambulisha, nikaeleza kwamba niliandika hesabu mbaya, nikajua ni mbaya, nikanyamaza, na kwa ajili hiyo seremala mmoja wa hapa aliitwa mwizi na kupigwa jiwe, naye hakuiba kitu. Nilisema kwa Kiganda, kisha kwa Kiswahili. Kijana mmoja mwenye spika begani akauliza, "Ssebo, seremala gani?"

Nikamtaja.

"Hatumjui."

"Alikuwa na karakana pale penye simu."

"Sisi tumehamia juzi, mzee." Akawatazama wenzake. "Kuna anayemjua?" Hakuna aliyemjua. Mmoja akasema kwa upole, "Pole, jjajja," yaani babu, kama tunavyomwambia mtu aliyefiwa, wakarudi kwenye shughuli zao. Hajji alibaki akigonga fimbo, polepole zaidi, kisha akaacha.

Mwisho mama mmoja mzee aliyekuwa akimenya matoke mlangoni akatuita. Yeye alikuwapo. Alimkumbuka Fundi, alikumbuka aproni, alikumbuka mvua iliyokuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku ile.

"Mnasema hakuiba?"

"Hakuiba, nnyabo. Kosa lilikuwa langu."

Alimenya ndizi nzima kabla ya kujibu. "Lakini alikimbia," alisema. "Mtu asiye na kosa anakimbia nini?"

"Mlikuwa mmeshika mawe."

"Mimi sikushika jiwe." Akatupa ganda. "Nilimwona kwa macho yangu akikimbia. Na majeneza tuliyaona. Kale, sawa, wewe una uchungu wa rafiki yako, unataka kumsafisha. Ni vizuri. Lakini mimi nilikuwapo."

Hajji aliketi kwenye ngazi ya nyumba ya yule mama, akiwa amechoka. Mimi nilivuta kigogo kilichokuwa kando ya mlango, nikakaa mbele ya yule mama, nikaanza kumweleza upya, tangu yadi ya Nakawa, gari moja moja. Aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye boksi la karatasi za kuondoka alinikatiza aniulize Rwanda wanafanyia nini takataka za mbao, na nikamweleza habari za chai.